Mto Unaopita Begani

Jumatatu, 2 Juni

Nimeingia! Ujumbe ulifika asubuhi nikiwa nafua. Ile kampuni ya Kinshasa inayotafuta sura mpya ya jezi za timu ya taifa imechagua wachoraji wachache nchi nzima, na jina langu limo. Deborah Ngalula, Likasi. Nimesoma, nikasoma tena, povu likinikaukia mikononi.

Kisha nikatafuta mtu wa kumwambia.

Ajabu nyumba inavyokuwa kubwa siku ya furaha. Huzuni najua pa kuiweka. Furaha nilizunguka nayo chumbani, uani, tena chumbani. Mwishowe nikamwambia mama Viviane, mwenye nyumba wangu, aliyekuwa akichekecha unga mlangoni kwake. Akauliza kama sasa nitacheza mpira na umri huu. Nikasema hapana, nitachora nguo zao tu. Akasema — aa, basi. Akaendelea kuchekecha.

Nimepika bukari nyingi, ugali wetu wa mahindi, kama niko na wageni. Imebaki.

Jumatano, 4 Juni

Monsieur Floribert amepiga simu. Ndiye anayesimamia shindano. Sauti nzuri, Kifaransa chake kinakimbia kama mtu anayeshuka ngazi. Anataka jezi inayojulikana bila kusoma jina. Mtu awe mbali, televisheni iwe mbovu, mvua iwe inanyesha — ajue tu: wale ni sisi. Na isiwe ya mwaka mmoja. Iwe sura. Wachezaji wabadilike, kitambaa kibadilike, sura ibaki.

Mchana nilienda kwenye baa iliyo karibu na soko, wanaonyesha mechi za zamani. Nikaagiza sucré, soda tu. Nikakunja macho mpaka kila kitu kikawa rangi tu. Croatia na miraba yao — hata jicho moja likiwa limefumba. Argentina, mistari. Peru, ule mshipi unaokata kifua. Sisi? Mwaka huu makucha, mwaka kesho madoa, mwaka mwingine hakuna kitu. Nikikunja macho tunapotea.

Wanaume wa meza ya pili walinitazama. Mwanamke peke yake, chupa moja ya sucré, anakunjia macho mpira!

Nimechora kichwa cha chui. Kila mtu atachora kichwa cha chui. Nimefuta. Nimechora msalaba wa shaba, ule waliokuwa wakiyeyusha mababu wa huku. Nimefuta — huo ni wa Katanga, Kinshasa watakunja uso, na watu wa hapa wataniuliza: weye uliutoa wapi? Nimechora mapambo ya nguo za rafia za Kasai, ile mistari inayovunjika na kuungana tena. Nimefuta haraka kuliko yote. Watasema tazameni, ameleta ya kwao.

Kila alama nchi hii iko na mwenyewe. Natafuta isiyo na mwenyewe. Au yenye wenyewe wote.

Ijumaa, 6 Juni

Baridi. Hakuna umeme. Hakuna wazo. Michoro ya wiki nzima nimewashia makala, mkaa wa jikoni.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Padri kavaa nyekundu, kanisa limejaa mpaka nje. Baada ya misa, kikao cha akina mama katika darasa la shule ya parokia. Waligawana kazi za sikukuu ijayo — nani atapika, nani atapamba, nani atapokea wageni. Mimi niliketi dawati la nyuma kabisa. Kazi ziliisha kabla ya kunifikia. Hakuna aliyefanya kusudi. Ndiyo inayouma zaidi, kwamba hakuna aliyefanya kusudi.

Basi nikawa natazama ukuta.

Kuna ramani pale mbele, kando ya ubao. Ya zamani sana. Jua la dirishani limekula rangi zote. Majina ya majimbo hayasomeki, mipaka imefutika, kona moja imechanika. Lakini nilijua ni nchi gani! Kutoka dawati la mwisho, bila kusoma neno. Kwa sababu ya mto. Mto tu ndio umebaki — mstari mmoja mnene. Unaanzia huku kwetu chini kulia ukiitwa jina lingine, unapanda kaskazini kama unaikimbia nchi, halafu unajipinda, unageuka, unashuka upande wa pili mpaka baharini. Hakuna mto mwingine duniani unaotembea hivyo. Na hauna kabila. Unapita tu kwa kila mtu.

Nilisimama katikati ya hotuba ya mama mwenyekiti. Akaniuliza kama niko na neno. Nikasema hapana, samahani, nimesahau chungu motoni.

Nimekimbia! Na viatu vya misa!

Jumanne, 10 Juni

Nimechora siku mbili bila kutoka. Nguo ya bluu, bluu ya bendera. Mto mwekundu wenye kingo za njano. Unaanzia mgongoni, chini, kiuno cha kulia. Unapanda mgongo, unavuka bega la kushoto, unashuka kifuani mpaka nyonga ya kulia. Mchezaji akikupa mgongo unaona mto unapanda. Akigeuka unauona unashuka. Ili uuone wote lazima umzunguke.

Nimempelekea papa Symphorien. Ni mshonaji, duka lake liko ukuta kwa ukuta na chumba ninamofanyia kazi ya kuchapa fulana na bendera za makanisa. Mtu wa Kambove, mji wa jirani, mjane, anaongea na mashine yake kuliko na watu. Tunakunywa chai pamoja saa nne, kila mtu mlangoni kwake. Ndiye mtu ninayeongea naye zaidi katika mji huu, na nikihesabu vizuri hatuongei sana.

Alitazama mchoro, akaugeuza, akautazama tena.

— Hii ni nyoka?

— Ni mto, papa.

— Aa. Mto. Alivuta miwani. Mto wetu?

— Mto wetu.

Akakata kitambaa palepale.

Jumatano, 11 Juni

Imeshonwa. Mbaya! Tuliitundika kwenye kamba mwisho wa barabara, tukarudi mpaka kwenye kona, tukasimamisha wapitaji. Mtu wa baiskeli akasema Peru. Mama wa mikate akasema ni mkanda wa meya. Mwalimu mmoja akasema Peru tena, kwa uhakika wa mwalimu.

Kosa ni langu. Nimeunyoosha mto. Nimeogopa kupinda, nimechora kama kwa rula. Mto gani unatembea kwa rula?

Ijumaa, 13 Juni

Sasa! Mwembamba kama kidole gumba pale unapoanzia mgongoni. Unanenepa kadiri unavyotembea. Unapinda kweli, unapovuka bega unapumua, na kifuani unafika mpana kama kiganja, unaingia nyonga na kupotea chini ya pindo. Symphorien alilalamika kutwa nzima — mshono uliopinda hivi utamwua, mashine inakataa, na vipande vya mbele na nyuma havikubali kuonana begani. Akashona hata hivyo.

Jioni jua likiwa bado juu tulienda kwenye uwanja wa vumbi nyuma ya shule. Akavaa yeye. Papa Symphorien na kitambi chake! Akakimbia hadi goli la mbali, akaruka kama anapiga kichwa, akarudi akihema. Nikakunja macho. Vumbi, jua usoni, mzee mnene anakimbia vibaya — na nikaona. Nikaona nchi inakuja.

Palikuwa na watu wameketi ukutani wakingoja timu yao ya mtaa. Sikuwauliza kitu. Mmoja akapaza sauti: Congo, eeh! Symphorien akainua mikono kama amefunga bao.

Nimecheka mpaka nikaketi chini. Tangu lini sijacheka hivi?

Tumeachana kwenye kona. Yeye kwake, mimi kwangu. Nilitaka kumwalika chakula. Maneno yalikuwa mdomoni kabisa. Lakini mjane na mwanamke asiye na mume, mama Viviane dirishani... Nikasema usiku mwema, papa. Akasema usiku mwema, mama Debo.

Jumatatu, 16 Juni

Monsieur Floribert amepiga tena. Picha za jezi nilizotuma zimefika, wameupenda mto! Alisema neno «évidence», yaani jambo lililo wazi, alirudia. Lakini wanataka video fupi. Kila mchoraji asimame mbele ya mji wake, aseme jina lake na anapotoka. Wamechagua wachoraji kutoka kila pembe ya nchi, watu waone taifa zima limo. Mimi ndiye Katanga.

Nikahamisha simu sikio la pili. Akauliza kama kuna tatizo.

Hakuna, nikasema. Mimi ni wa Likasi.

Ni kweli. Nilizaliwa hapa, hospitali ya hapa. Meno ya kwanza yalinitoka hapa. Lakini jina langu, Ngalula, kila mtu akilisikia anajua limetoka Kasai.

Mama Viviane alinishikia simu. Nilivaa kitenge cha kijani. Nilisimama pale ambapo mabomba ya kiwanda yanaonekana nyuma. Mama Viviane akasema nimetokea vizuri, ila nicheke kidogo.

Alhamisi, 19 Juni

Wameiweka video tangu jana.

Mwanzoni pongezi. Moyo mwekundu, bendera, moyo mwekundu. Nilimpelekea kaka yangu Osée, kule Mwene-Ditu, Kasai. Aliiona, hakujibu.

Leo asubuhi watu wamefika kwenye jina. Mmoja kaandika: Ngalula wa Likasi, tangu lini? Mwingine: Katanga imekosa watoto wake mpaka tukodi wa wengine? Mwingine kaweka picha ya treni. Treni tu, bila neno. Waliopenda hiyo picha ni wengi. Halafu watu wa Kasai nao wakaingia: dada unajificha juu ya nini, sema ulipotoka, unaona haya na sisi? Wakaanza kutukanana wenyewe kwa wenyewe. Kuhusu mto hakuna aliyeandika tena.

Saa nne nilitoka na chai yangu. Mlango wa papa Symphorien umefungwa. Mashine inalia ndani, lakini mlango umefungwa.

Nikagonga. Akafungua nusu. Akasema bila kunitazama:

— Mama Debo, minye sina na shida na weye. Unajua. Lakini ukiongea na bale ba Kinshasa, jina yangu usitaje. Useme ulishona weye mwenyewe.

— Kuna mtu amekuja?

— Bantu ba association yetu ya Kambove. Banasema tu.

— Wanasema nini?

— Banasema tu, mama.

Akafunga. Chai nimeimwaga mferejini.

Ijumaa, 20 Juni

Sikufungua duka.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda misa. Mwaka huu wote nilikuwa sijakosa misa.

Nitaandika, maana hakuna wa kumwambia.

Nilikuwa darasa la pili wakubwa wa Katanga waliposema watu wa Kasai warudi kwao. Papa, baba yangu, alikuwa fundi kiwandani Shituru, hapa Likasi. Hapo ndipo alipopata kazi, mke, watoto. Majirani wengine walilia, wengine walikuja kuchagua viti vyetu. Tukaenda stesheni kungoja treni. Tuliingoja muda mrefu sana, sisi na watu wengine ambao hesabu yao siijui, tukilala chini ya maturubai kando ya reli. Surua ikapita. Mdogo wangu Jenny alikuwa bado hajatembea. Alizikwa hapa. Kisha treni ikaja, tukapanda, na Mama akaketi nyuma akitazama mji mpaka ukaisha.

Mwene-Ditu watoto walichekea Kitshiluba changu. Waliniita Katangaise. Kumbe huko nako nilikuwa mgeni! Nilipokua, nilirudi. Osée hakunisamehe. Alisema mtu hawezi kurudi kubisha hodi kwenye mlango aliotupwa nje. Nikamwambia mdogo wetu yuko hapa. Akasema ndiyo sababu hasa.

Leo amepiga simu, hatimaye. Nilidhani atanitetea. Kasema hivi, polepole, kwa Kitshiluba:

— Ulitaka wakujue. Sasa wamekujua.

Nyuma yake nilisikia Papa anauliza kitu. Nani huyo? Ni Debo? Nikasema nipe Papa, tafadhali. Osée kasema Papa amechoka. Akakata.

Jua ni kali lakini halina joto. Watu wanarudi kutoka kanisani na nguo nzuri, wanapita mbele ya dirisha langu wakiongea.

Jumatano, 25 Juni

Floribert. Nilidhani ananifukuza. Hapana, mto umeshinda! Au karibu. Jury yote imeukubali, wanaume wa timu walipouona walisimama. Haujatangazwa bado. Tatizo ni — akatafuta neno — kelele. Watu wa Katanga wanapiga simu. Wanatishia kususia. Basi amepata njia rahisi, alifurahi nayo kweli, nilisikia. Mchoraji wa Kasai waliyemchagua amejitoa, anahamia nje. Nafasi ya Kasai iko wazi. Nirekodi video nyingine, nisimame mahali pasipojulikana, niseme tu: Deborah Ngalula, wa Kasai. Si uongo, Madame, akasema. Ni jina lako. Katanga watampata mchoraji wao, Kasai watafurahi, mto utabaki mto, na jina lako litaandikwa.

Nikauliza: na nikikataa?

Basi pengine itaandikwa kwamba jezi ni kazi ya timu ya wachoraji. Bila jina. Au watachukua ya pili — ni chui. Atapiga siku ya sikukuu ya uhuru, mchana, kusikia jibu. Aliniaga kwa heshima zote.

Anasema kweli. Si uongo.

Nimesimama mbele ya kioo, nikajaribu. Mimi ni Deborah Ngalula, wa Kasai. Sauti yangu ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo la kifo redioni.

Nikajaribu nyingine. Wa Likasi. Hiyo nayo sasa imeingia mchanga.

Ijumaa, 27 Juni

Papa Symphorien amekuja. Kwangu, nyumbani! Hajawahi. Mama Viviane alimwona akiingia, akakodoa macho dirishani bila kujificha. Mzee alikuwa na kifurushi cha gazeti chini ya kwapa. Ni jezi. Ameifumua na kuishona upya yote, kwa kitambaa kizuri alichokuwa amekiweka kwa ajili ya suti ya mtu. Bega sasa linakaa. Mto unavuka bila kukatika.

Nilimpa kiti. Hakuketi.

— Bale bantu, akasema. Siku ile. Banasema, murudishe kwabo. Banasema, juu ya nini unashona na ye.

— Na weye ulisema nini?

Alitazama mikono yake.

— Nilinyamaza.

— Papa Symphorien.

— Nilinyamaza, mama. Nilikuwa kijana wakati ule wa treni. Jirani yetu kule Kambove alikuwa muntu wa Kasai, alinifundisha kushona. Wakati ule pia nilinyamaza. Niko muntu wa kunyamaza. Njo vile niko.

Nilitaka aseme kitu kingine. Kwamba amewajibu, amewafukuza, amegonga meza. Alisema ukweli, na ukweli haukutosha. Sikumwambia haidhuru. Sikumwambia aondoke. Nikachemsha maji. Akanywa chai amesimama, moto vile, akaungua ulimi, akaomba radhi, akarudisha kikombe.

Mlangoni akasema:

— Taja jina yangu ukitaka.

— Unataka nilitaje?

Akaweka mkono kwenye komeo.

— Nitaogopa, akasema. Lakini taja.

Ameenda. Jezi iko juu ya kitanda, mikono imenyooshwa, kama mtu amelala.

Jumapili, 29 Juni

Nilikwenda misa. Mama mwenyekiti alinisalimia kwa mkono, akaushika kuliko kawaida, akasema tunakuombea. Hakusema juu ya nini. Wengine wawili walihama benchi. Au walihama kwa sababu ya upepo wa mlangoni. Sitaki kuwa mtu anayepima kila benchi.

Baadaye nilipita makaburini. Sehemu ya watoto nyasi zimekauka, misalaba ya mbao iliyooza imekusanywa pembeni. Hakuna anayejua tena nani yuko wapi. Nilisimama mahali ninapodhani.



Jumatatu, 30 Juni

Sikukuu ya uhuru. Tarumbeta tangu asubuhi, shule zinapita kwenye avenue na soksi nyeupe. Mama Viviane amekwenda kwenye gwaride na mwavuli. Aliniuliza kama naenda. Nikasema nangoja simu. Akasema — ngoja basi, na akarudi hatua moja, akaniachia sahani ya maandazi juu ya dirisha. Sijui imemjia vipi.

Nimevaa jezi. Ni kubwa, inafika mapajani. Niliivaa kwa sababu ya baridi, nikijiambia hivyo.

Simu ya kwanza haikuwa ya Floribert. Ilikuwa Osée. Nikajikaza.

— Papa anakutaka, akasema. Tangu wiki iliyopita ananisumbua. Ongea naye.

Papa macho yake yamekwisha, haoni tena ila mwanga na giza. Tangu treni ile, Kiswahili hakijatoka mdomoni mwake. Aliapa ndani ya behewa, sisi wote tukisikia, na alishika kiapo. Sokoni, kanisani, hata Mama alipokuwa anakufa na kupoteza maneno na kuongea Kiswahili tu cha ujana wake, Papa alimjibu kwa Kitshiluba. Mimi nilidhani amekisahau.

— Debo, akasema. Saa hii huko ni baridi, hein?

Kwa Kiswahili! Kile cha kambi ya Shituru, kizito, kama mtu anayevaa viatu vilivyokaa miaka chini ya kitanda. Nikavuta kiti, nikaketi. Akadhani simu imekufa.

— Ni baridi, Papa. Baridi sana.

— Njo mwezi yake ya baridi. Akakohoa. Osée ananieleza ile nguo. Hajue kueleza. Eleza weye.

Nikaeleza. Bluu gani — bluu ya bendera, Papa, si ile ya ovaroli. Nyekundu, kingo za njano. Mto. Nikasema unapanda mgongoni, unavuka bega la kushoto, unashuka mbele. Alikuwa anarudia nyuma yangu, polepole, na nikaelewa alikuwa anajipapasa, anapitisha mkono juu ya shati lake mwenyewe. Bega ya kushoto, akasema. Eh. Hapa. Halafu inashuka. Nasikia.

— Na inaanzia wapi?

— Nyuma, Papa. Chini, karibu na kiuno. Upande wa kulia.

Nilisikia kuku wa kwao, na Osée akimwambia mtu apunguze redio. Nikajua mkono wake unatafuta huko nyuma, mahali ambapo mzee hafiki kwa urahisi.

— Kule kwetu, akasema.

Alisema hivyo! Kwetu. Nikamwuliza wapi, Papa? Lakini pumzi zilikuwa zimemwishia, alikuwa anaita maji, na Osée akasema ngoja, usikate, anakunywa.

Basi nangoja. Simu iko wazi mezani, mimi naandika. Nasikia kikombe kinagonga meno yake. Nasikia Osée akimwuliza kitu kwa Kitshiluba na Papa akijibu kwa Kiswahili.

Jina la Floribert linawaka kwenye kioo cha simu. Ni yeye. Linazimika. Linawaka tena. Nje bendi imefika kwenye kona yetu, ngoma inatikisa bati la jirani, na Floribert anapiga, anapiga, na Papa amerudi, anapumua karibu na simu, anauliza, Debo, uko?

Niko, Papa. Niko huku kwetu —